Chokaa ya Kuoshea Moshi

Kazi yangu kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti, hapa Songea, ni kulisha boila makaa ya mawe yanayotoka Mbinga, na kuhakikisha moshi unaoshwa kabla haujatoka. Unakoroga chokaa na maji kwenye tangi, pampu inaipandisha juu ya mnara, inaunyunyizia moshi, gesi ya salfa inanaswa. Chokaa ikikosekana, harufu ya kiberiti inateremka moja kwa moja Mjimwema, nyumbani kwangu, kwenye kifua cha mke wangu. Alikuwa na pumu tangu usichana. Chokaa ile nilikuwa naikoroga kama mtu anayempikia mgonjwa uji.

Sasa sikia. Kila mwaka, kabla ya siku ya kuwaombea marehemu, jumuiya yetu ya kanisani hufyeka makaburi na kuyapaka chokaa. Safari hii chokaa iliadimika madukani, wakaja kuomba kiwandani. Meneja, kijana mwenye adabu zake, akawapa yote iliyokuwa stoo. Nilimfuata nimefura. Akaniamkia kwanza.

"Shikamoo mzee. Kwani na marehemu unawanyima?"

"Marahaba. Marehemu hawapumui. Zima boila mpaka chokaa nyingine ije."

Akacheka. Alizeti imejaa ghalani, boila haizimwi, mzigo mpya uko njiani. Wema hauozi, mzee. Tena aliyetumwa na jumuiya kuja kuomba, akasema, ni mama wa nyumbani kwako.

Hilo lilinikata maini. Nilimkuta nyumbani mikono myeupe mpaka viwikoni, ana furaha, ametoka kupaka kaburi la mama yake. Kwenye chokaa alitia na chumvi kidogo ili mvua isiibandue.

"Ulichokipaka kule ni kifua chako," nikamwambia.

"Baba watoto, acha uchoyo. Mama amekaa muda mrefu kama hana mtu. Mimi nitafunga madirisha."

Akayafunga kweli. Mvua zikaanza, lori la chokaa likakwama kwenye matope, na mimi nikaendelea kulisha boila, maana getini hawakosekani wanaoitaka nafasi yangu. Adhuhuri moja jirani akaja mbio kuniita. Nilimkuta mke wangu sakafuni, mgongo ukutani, dawa yake ya kuvuta imeisha, bado ameishikilia. Hatukufika naye hospitali.

Baada ya maziko jumuiya ilikuja kupaka mawe yaliyozungushiwa kaburi lake. Walikuwa wanalia, na walikuwa na nusu mfuko uliobaki, wa kiwandani ule ule. Nikawanyang'anya. Kesho yake alfajiri nikaubeba begani, nikiwa bado na nguo zangu za msiba, nikaumimina wote tangini. Wanasema nimemdharau marehemu, kaburi lake udongo mtupu. Waseme.

Ulitosha asubuhi moja tu. Nikarudi Mjimwema, hapanuki kitu, nikafungua madirisha yote aliyokuwa ameyafunga.