Dakika Mbili za Kutetea Pikipiki

Siku yangu ya kwanza kazini nilijificha chooni. Ilikuwa kwenye jengo la wabunge wa jimbo la Maryland, kule Annapolis, Marekani, na katibu wa chama chetu cha waendesha pikipiki alikuwa amenituma nibishe hodi kwenye kila ofisi niseme sentensi moja tu. Sikuweza. Ninyi mtakaoshika kazi hii baada yangu, jueni kwamba mimi huandika, siongei.

Kazi yenyewe ni hii. Mswada ni sheria ambayo bado haijapita. Wetu ulitaka pikipiki iruhusiwe kupenya polepole katikati ya magari yaliyosimama kwenye foleni. Mjomba Barasa, mwenyekiti wetu, anaishi nasi mtaa wa Langley Park na huhudumia wazee majumbani mwao. Mwaka jana alikuwa amesimama na pikipiki yake kwenye foleni, gari likamgonga kwa nyuma. Mguu ulipona, na bado anaendesha, maana alfajiri hakuna basi la kumfikisha kwa wazee wake. Mswada ukifia kwenye kamati ya wabunge wanaoujadili kwanza, atakaa foleni zile zile, mgongo wazi, mwaka mwingine mzima.

Katibu ni Dada Renee wa mtaa wa Shaw, Washington, Mmarekani mweusi aliyesomea Kiswahili chuoni, na anakisema kwa usafi kutushinda sote. Alinifundisha kwamba mbunge hashawishiki kwa hoja tu, anataka kumwona mtu. Basi akatuandikisha kuwa mashahidi mbele ya kamati: Mjomba kwanza, halafu mimi, niseme tu kwamba naunga mkono.

Kila shahidi hupewa dakika mbili. Mjomba, ndani ya suti, alianza kwa Kiingereza lakini kwa itifaki ya kwetu Bungoma, Kenya. Akamsalimu kiongozi wa kamati, naibu wake, waheshimiwa kwa vyeo vyao, makarani, viongozi wa dini kama wapo, na wageni waalikwa. Alipofika kwa mabibi na mabwana, kengele ikalia. Kiongozi wa kamati akamshukuru, akaita shahidi anayefuata.

Mjomba alinigeukia, jasho linamtoka. "Nafula, nimemaliza salamu tu," akanong'ona. "Hayo mengine sema wewe."

Moyo ulinidunda mpaka nikadhani kipaza sauti kinausikia. Sikusalimu mtu. Nilisema huyu ni mjomba wangu, aligongwa akiwa amesimama, na Mama hanywi chai asubuhi mpaka mjomba apige simu kusema amefika.

Mbunge mmoja mzee, ambaye Katibu alituonya kuwa ni mpinzani wetu, akaniuliza, "Mama yako anataka tupitishe hii, au anataka mjomba aache pikipiki?"

"Anataka aache," nikajibu. "Lakini hataacha. Wazee wanamngoja."

Wakacheka, hata yeye.

Kura niliifuatilia kwa simu kwenye korido ya shule. Yule mzee alisema ndiyo. Mswada ukapita kamati, nami nikaruka juu, mimi huyu, mbele ya watu, mwalimu wa hesabu akauliza kama niko sawa.

Bado kuna bunge zima, kisha Seneti, baraza la pili la jimbo. Ila mimi nimestaafu, nina mitihani, na naiacha kazi nikiwa bado naitamani. Nilichojifunza ni kwamba woga hauondoki kwanza. Unaongea huku unao.

Seneti Mjomba ataenda bila mimi. Jana jioni alifanya mazoezi sebuleni, na sisi jikoni tukamsikiliza.

"Niligongwa kwa nyuma," alianza, "nikiwa nimesimama."

Mama akazima jiko, akaenda kukaa mbele yake.