Maji, Mama Moraa!

Leo nimemfokea mke wangu na hayuko hata kaunti hii.

Nilikuwa natoboa lile jiwe gumu nyuma ya nyumba, hapa Manga, nisimamishe chuma cha kamba ya nguo. Kamba aliyoniomba tangu tuoane!

Biti, ile ncha ya drili, ni ya almasi ya bei rahisi, ya sokoni Mosocho. Muuzaji alinionya kwamba bila maji inaungua.

Kazi kama hii huwa tunafanya wawili. Mimi natoboa, Mama Moraa anamwaga maji na birika akiniambia, "Pole pole, wewe!"

Basi jiwe likaanza kutoa moshi. Nikapaza sauti bila kugeuka: "Maji! Unangoja nini?"

Kuku wakanitazama.

Ako Nairobi kwa binti yetu Moraa, kulea mjukuu. Alisema ni wiki mbili. Mtoto sasa anatambaa.

Biti ikaungua. Nilipoweka ya pili, nikaning'iniza chupa ya maji yenye tundu juu ya jiwe, ikadondosha yenyewe. Shimo limetoka safi.

Lakini chupa haisemi "pole pole."

Wazee wenzangu ambao wake zenu wamechukuliwa na wajukuu, mnaishije?

Kamba ni ndefu. Nimeanika shati langu, moja tu.