Makofi ya Wendell Fontenot

Wendell Fontenot aliilea familia yake kwa viganja, na sisemi kwamba alishika nyundo. Alikuwa mpiga makofi wa kulipwa. Vipindi vya televisheni vya Los Angeles vinataka watu wa kushangilia, na nani atakuja kushangilia bure asubuhi ya Jumanne? Basi kuna wakala anayewakusanya watu, anawapanga kwenye viti, anawaambia lini wacheke na lini washike vifua kwa mshangao. Wendell aliianza kazi hiyo akiwa kijana na akaendelea nayo mpaka kichwa kikawa cheupe. Wengine hupiga vidole kwa vidole, makofi ya adabu tu. Yeye alikunja viganja kidogo, kama mtu anayechota maji, akavigonganisha kwa kupishana, na sauti iliyotoka hapo ilijaza ukumbi mzima. Wenzake walimsikilizia yeye. Akianza, nao wamo.

Ila nyumbani hakupiga. Mkewe, Earline, Mungu amrehemu, alizoea kumtania wakiwa mezani: "Wendell, supu ya kaa na bamia nimeihangaikia toka asubuhi, hata kofi moja jamani?"

"Ongea na wakala wangu, mama. Mimi sipigi bure."

Wanacheka wote wawili mpaka kijiko kinaanguka. Mzaha wa mtu na mkewe, una ubaya gani? Lakini mezani hapo kulikuwa na mtoto, na mtoto husikia maneno tu, mzaha haumfikii.

Mtoto mwenyewe ni Lucien, wa pekee. Alipokuwa na miaka minane alipiga tarumbeta katika tamasha la shule. Siku hiyo Wendell alitoka kazini moja kwa moja, tangu asubuhi alikuwa akiwashangilia watu walioshinda majokofu kwenye kipindi cha zawadi, na viganja vilikuwa vimevimba kama maandazi. Akakaa safu ya pili na koti lake la kahawia, mikono mapajani. Lucien akamaliza wimbo. Wazazi wakapiga makofi, Earline akapiga na mbinja juu, na mtoto akamtazama mtu mmoja tu. Yule mtu akamtabasamia kwa meno yote, lakini mikono haikutoka mapajani.

Ndani ya gari mtoto akasema, "Baba, hukunipigia."

Mzee amechoka, amelegea, akajibu lile lililokuwa karibu na ulimi. "Si unajua sipigi bure, bwana mdogo!" Akacheka. Alicheka peke yake. Tarumbeta iliingia chini ya kitanda na haikutoka tena.

Angeweza kumwonyesha mtoto vile viganja. Angeweza kusema vinauma. Hakusema! Watu wazima tuna ujinga wetu, tunadhani mtoto atasahau.

Lucien akakua, akajifunza kutengeneza gemu, na yeye na wenzake wachache wakapanga chumba juu ya duka la dobi wakawa wanatengeneza gemu moja hiyohiyo miaka nenda miaka rudi. Earline akafariki katikati ya miaka hiyo. Baada ya mazishi, baba na mwana walibaki kupigiana simu kuzungumzia besiboli na joto la jiji. Hawakugombana hata siku moja, na mimi naona heri wangegombana.

Halafu mwaka huo, kampuni ya Orvanta, wale watengenezaji wa mashine za gemu, wakakubali kuionyesha gemu ya Lucien jukwaani, kwenye maonyesho makubwa ya mwezi wa Juni, siku watakapoizindua mashine yao mpya.

"Watu wakiipenda, Orvanta watatupa fedha tuimalize," Lucien alisema kwenye simu. "Wasipoipenda, basi, tunafunga chumba, kila mtu na njia yake."

"Nije, mwanangu?"

"Ni kwa mwaliko, baba." Kisha akaongeza: "Na utachoka bure."

Hilo neno bure Wendell alilala nalo.

Sasa sikia mambo ya dunia. Wiki hiyohiyo wakala akampigia. Orvanta wanataka washangiliaji. Waandishi wa habari za gemu hawapigi makofi, wao wanachapa tu kwenye kompyuta zao, na kampuni iliogopa kutangaza mashine mpya mbele ya kamera za dunia nzima ukumbi ukiwa kimya kama hospitali. Wendell akaikubali kazi kabla wakala hajamaliza kusema. Hakumwambia Lucien. Moyoni alikuwa amekata shauri kwamba siku hiyo mtoto atapata makofi yake, ya miaka yote, na riba juu.

Asubuhi ya siku yenyewe akavaa lile koti la kahawia. Marisela, msimamizi wao, akawapanga upande wa kushoto, safu za kati.

"Nitasimama pale kwenye nguzo na kofia ya kijani," akasema. "Nikiivua, mnapiga. Nikiivaa, mnanyamaza. Bunduki, mnapiga. Magari, mnapiga na kupiga kelele. Bei ya mashine ikitajwa, nataka nyumba ing'oke. Kuna kagemu kadogo katikati, ka mtoto na tarumbeta. Hapo pumzikeni, tunzeni mikono kwa ajili ya bei."

Wendell akaviweka viganja mapajani. Odessa Pruitt, mwenzake wa siku nyingi ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupiga mayowe, akamgusa kwa kiwiko. "We mzee vipi? Umekaa kama uliyekuja kwa daktari wa meno."

"Hako kadogo ni ka mwanangu."

"Ka nani? Ka Lucien? Wee! Mbona hukusema?"

"Nyamaza, Odessa. Wanaanza."

Mashine ikatoka kwenye moshi, kofia ikavuliwa, wakapiga. Yakaja majoka, wakapiga. Yakaja magari, Odessa akatoa yowe lake maarufu na vijana wa safu za nyuma nao wakapandwa na mzuka. Halafu taa zikapungua, na Lucien akatokea jukwaani na koti la kuazima, mabega yamemzidi. Akasema maneno machache, akageukia skrini.

Kwenye skrini ile, kubwa kuliko nyumba, Wendell akaliona jiko lake. Mapazia ya njano aliyoyashona Earline kwa mkono. Sufuria ya supu yenye kifuniko kilichomeguka. Mtoto akatoka jikoni na tarumbeta, akapita mitaa ya Los Angeles isiyo na watu, akiokota sauti zilizopotea, huku mbinja, kule kicheko cha mwanamke. Mwisho akafika kwenye jukwaa la shule na kupiga wimbo. Viti vilikuwa vitupu, isipokuwa safu ya pili. Hapo alikaa mwanamume asiye na sura, amevaa koti la kahawia, mikono mapajani.

Wendell akainama. Akajitazama. Alikuwa amekaa vilevile, na koti lilelile.

Skrini ikazimika. Ukumbi kimya. Kijana mmoja mwenye beji ya mwandishi, nyuma ya Wendell, akapiga mwayo wa makusudi. "Bunduki iko wapi?"

"Nimeamka mapema kuja kuangalia mapazia," mwenzake akajibu, na safu nzima ikacheka.

Kofia ya Marisela ilikuwa kichwani. Kule jukwaani Lucien akasema asante, hakuna aliyeitikia, akasema asante tena.

Wendell akasimama na kupiga.

"Kofia!" Odessa akamvuta koti. "Wendell, hajavua kofia!"

Lakini wenzake walikuwa watu wa kazi. Walikuwa wamezoea akianza yeye, nao wamo. Safu zote za kushoto zikanyanyuka kwa mpigo mmoja, makofi, mbinja, vigelegele, na Odessa mwenyewe, akiwa anajua ni mtoto wa nani, akaachia yowe lililokwenda mpaka darini. Lucien akainua uso. Akatabasamu tabasamu la mtoto wa miaka minane. Kisha akatafuta yanakotoka makofi, akamwona aliyesimama mbele ya wote, na tabasamu likamtoka usoni.

"Eh, ebu ngoja," akasema yule kijana wa nyuma, simu ikiwa tayari inarekodi. "Huyu babu si ndiye yule wa kipindi cha majokofu? Huyu ni mshangiliaji wa kukodiwa!"

Saa sita ilikuwa haijafika, video iko kila mahali. Gemu ambayo watu wangeisahau kabla ya chakula cha mchana ikawa ndiyo kichekesho cha maonyesho yote. Wakaiita gemu ya makofi ya kununua. Orvanta wakatoa tamko kwamba hawakumlipa mtu yeyote aishangilie gemu ile, na kwa jambo hilo moja walisema kweli. Ndipo watu wakachimba, wakaona jina la mzee ni Fontenot na la kijana ni Fontenot. Kumbe kamleta baba yake! Wiki haikuisha kabla Orvanta hawajajitoa. Chumba cha juu ya dobi kikafungwa.

Jumamosi alasiri Lucien akaja nyumbani. Hakukaa. Alisimama jikoni, mapazia yaleyale nyuma yake.

"Walikulipa, baba?"

"Kwa mashine yao, ndiyo. Kwa yako, hapana. Tuliambiwa tunyamaze. Nakuapia kwa mama yako, Lucien, nilisimama mwenyewe."

"Wewe hupigi bure."

"Ule ulikuwa mzaha!"

"Nilikuwa na miaka minane."

Lucien akaweka funguo za gari mezani, akavuta kiti, akakaa. "Haya. Hapa hakuna kamera, hakuna kofia. Nipigie sasa, nisikie yale ya kweli yakoje."

Wendell, akiwa kitini pake, akainua mikono. Alitaka yatoke makofi mengine, madogo, ya baba kwa mwanawe. Lakini viganja vikajikunja vyenyewe, vikapishana vyenyewe, na sauti ikajaza jiko mpaka kifuniko cha sufuria kikatetemeka. Ni yaleyale ya majokofu. Akajaribu kupunguza, akajaribu kunyoosha vidole. Yakatoka yaleyale. Machozi yakaanza kumtiririka shavuni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Ndiyo hayohayo," Lucien akasema taratibu, bila hasira.

"Sijui mengine, mwanangu."

Wala hakuacha kupiga, maana aliogopa kwamba akinyamaza tu, mtoto ataondoka. Alipiga mpaka viganja vikawaka moto. Halafu mikono ikamshinda, ikaanguka mapajani, na Lucien akachukua funguo zake.