Mabeki wa Kugawa

Kinyozi alikuwa amefika katikati ya kunyoa kichwa cha shemeji yake, mwalimu wa hesabu, na damu ilikuwa bado inamchemka. Jana timu yao ilitoka tena sare ya bila kwa bila, wachezaji wote wamejazana golini kama watu wanaojikinga mvua kibarazani.

"Mshambuliaji pekee tuliyekuwa naye wamemuuza," alisema, "halafu hela wakanunulia beki mwingine. Mabeki tunao mpaka wa kugawa. Sasa nani atafunga, refa?"

"Punguza jazba, shemeji," mwalimu alisema. "Hatujafungwa. Pointi moja si haba."

Kinyozi alishavumilia mengi kwa ajili ya dada yake, lakini hili lilimshinda kumeza. Alizima mashine, akaifungia kabatini, akamwekea mwalimu taulo la pili mabegani na la tatu juu yake, kisha akaketi, akakunja nne.

Mwalimu alijitazama kwenye kioo. Upande mmoja wa kichwa uling'aa, wa pili ulikuwa kichaka.

"Shemeji, mbona umeacha?"

"Mashine nimeuza," kinyozi alisema. "Nimekuongezea taulo. Nenda nyumbani hivyo hivyo, nusu kichwa si haba."