Mgongo wa Mrushaji

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba mwili wangu unafaa kwa mchezo alinitazama miguu kwanza. Hapo hapo machale yakanicheza, kwa sababu mimi ni dalali wa mifugo hapa Mwingi, na hivyo ndivyo ninavyomtazama fahali kabla sijauliza bei: miguu, kifua, shingo, macho mwisho. Bwana huyo alikuwa Mkamba mwenzetu aliyeishi Marekani miaka mingi, akarudi na magunia ya kofia ngumu na mpira uliochongoka ncha mbili, wa futiboli ya Kimarekani.

"Kwani wewe hula nini?" akaniuliza pale sokoni, mbuzi wakipita katikati yetu.

"Kwani unataka kuninunua?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi nilienda uwanjani, ambako yeye ndiye aliyekuwa kocha, kumchunguza tu, nijue anauza nini. Akanieleza kazi yangu, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuona ninachezwa shere. Tungekuwa watano mbele, bega kwa bega. Wa katikati angeuanzisha mpira kwa kuupitisha nyuma, lakini sisi wengine hatungeugusa. Hatungefunga bao. Nyuma yetu angesimama mtu mmoja wa kurusha, na kazi yetu ingekuwa kuwazuia wapinzani wasimfikie mpaka arushe. Kuwashika jezi ni kosa. Unawasukuma kwa viganja.

"Kwa hivyo mimi napigwa, yeye anapigiwa makofi?"

"Eeh, hiyo ndio kazi," kocha akasema, bila hata haya.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na kilichonirudisha ni mtu niliyepangwa naye mazoezini, kuli wa malori mwenye shingo nene. Sokoni hakuna anayekuambia anachotaka. Mwenye kuuza anajifanya anapita tu, na mwenye kununua anamtukana ng'ombe wa watu tangu pembe hadi mkia. Mimi ni mmoja wao, na jioni hurudi nyumbani kichwa kimechoka kuliko miguu. Yule kuli alitaka kitu kimoja, kunipita, na alikitaka waziwazi. Niliinama, nikamtia viganja kifuani, tukasukumana mpaka vumbi likatufunika. Nilifurahi hadi nikajishuku.

Kocha akaniweka mwisho wa mstari, upande wa kushoto. Mrushaji wetu alikuwa fundi wa simu mwenye kibanda karibu na stendi, mtu wa Mbooni, mwembamba, wa umri wangu. Hurusha kwa mkono wa kulia, na mtu wa mkono wa kulia akijipanga kurusha, mgongo wake huelekea kushoto. Yaani kwangu. Anayemjia kutoka huko, mrushaji hamwoni kabisa.

Hilo ndilo lililoninyima raha. Mji mzima unajua kazi yangu. Shemeji yangu mwenyewe akileta mbuzi sokoni humpitisha kwa dalali mwingine, halafu anakuja kwangu kunywa chai. Lakini fundi huyu alinipa mgongo kila Jumamosi, na hakugeuka kutazama hata mara moja. Nikajiuliza: hajui mimi ni nani? Au anajua, na amempanga mtu wa kuniangalia? Nilimshuku yule kuli, ambaye siku za mechi alisimama kulia kwangu. Siku moja nilimwona yeye na fundi wakinong'onezana karibu na mtungi wa maji, wakacheka, na nilipofika wakanyamaza.

Tulipoenda mji wa Salama kucheza na timu ya huko, nilipewa mpinzani mwenye mbio, muuza matunda wa kando ya barabara. Nusu ya kwanza hakunipita. Watu wakampigia fundi makofi. Kisha likanijia wazo la kidalali kabisa: nifungue nafasi ya hatua moja tu, nione nani atapiga kelele, nani ataruka kuja kuziba. Nilitaka kumjua huyo aliyepangwa kuniangalia.

Mpira ulipoanza nikauchelewesha mguu. Muuza matunda akapita.

Hakuna aliyepiga kelele. Kuli alikuwa ameinama anamsukuma mtu wake, hana habari nami. Na fundi alisimama wima, mkono umeinuka, mgongo wazi, anamtafuta mwenzake kule mbali. Nilipofungua mdomo kumwita, muuza matunda alikuwa ameshamgonga mgongoni. Nilisikia mtulinga wa fundi, ule mfupa wa begani, ukivunjika kabla sijamwona anaanguka. Hakukuwa na mtu aliyepangwa. Waliniamini tu. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona sokoni.

"Uliteleza," kocha aliniambia tukimbeba. Hakuwa anauliza.

"Niliteleza."

Mkono wake ukaning'inizwa kwa kitambaa shingoni, na fundi wa simu wa mkono mmoja si fundi. Simu za watu zikalala kwenye droo, mke wake akabaki kuuza chaja. Nilimpelekea maziwa na ndizi. Niliketi kwenye stuli ya wateja nikiwa nimeazimia kusema ukweli, na mdomo ukafanya kazi yake ya kila siku.

"Pole tena, bro. Ile siku niliteleza."

Akanitazama viatu. "Uwanja ilikuwa kavu," akasema polepole. Kisha akaongeza, "Lakini hata pahali kavu mtu huteleza."

Nikanywa chai yake, nikaaga.

Alirudi uwanjani miezi kadhaa baadaye, na kocha akatupanga vilevile. Kuli, mbele yangu tena kwa mazoezi, alinijia kwa nguvu zote. Nilimzuia kuliko nilivyowahi kumzuia mtu yeyote. Hakupata hata nusu hatua. Nikiwa nimemkaza hivyo nikatupa jicho nyuma. Fundi alikuwa ameuinua mpira hadi sikioni, na mwenzake kule mbele alikuwa peke yake, anapunga mkono. Lakini fundi hakuwa akimtazama mwenzake. Alikuwa amegeuza shingo, ananitazama mimi.

Aliporusha alikuwa amechelewa, mpira ukaanguka chini. Kocha akamfokea yule wa mbele kwamba hakukimbia sawasawa. Fundi akarudi mahali pake, nami pangu.

"Tena!" kocha akasema.

Tukainama. Nyuma yangu nikasikia viatu vya fundi vikisogea kwenye changarawe, hatua moja, kisha nyingine, akitafuta mahali pa kusimama ambapo ataweza kuniona.