Moshi wa Kahembe

Asubuhi ile nilikuwa mahali pangu pa kawaida: kando ya mafiga, blanketi mabegani, nikingoja maziwa yachemke. Kahembe si mlima mkubwa. Vijiji vyetu vitatu viliuzunguka kiunoni kama shanga, na baridi yake ilifanya kila nyumba iwashe moto alfajiri. Vijana wenzangu waliomaliza sekondari walichunga ng'ombe. Mimi nilichunga moto.

"Weye bwana ya mafiga," shangazi yangu Nabintu alinitania, "siku moja utaoa ile nyungu."

Mchana habari ikafika: wenye bunduki wako bondeni, kesho watapanda. Tukapatana kushuka upande wa pili, kuelekea ziwani, kabla hakujakucha.

Shangazi akakataa.

"Asubuhi wakiangalia huku juu, wasione moshi, watajua tumetoka. Watatufata. Na njiani iko watoto, iko wazee. Miye ntabakia, ntawasha."

"Nyumba zote?"

"Zote. Unazani ni weye tu unajua kukaa karibu na moto?"

Hata siku ile alinichekesha.

Tulishuka ndani ya ukungu.

Hakuna aliyekohoa.

Kulipokucha ukungu ukainuka, nikageuka. Moshi ulikuwa unapanda juu ya kila paa nililoweza kuliona, mwembamba, mtulivu, kama asubuhi yoyote.

Kisha milio ya risasi. Juu kule, si njiani kwetu.

Tukaendelea kushuka. Tulifika ziwani wote tuliotoka.

Leo naishi ughaibuni, Etterbeek, karibu kabisa na radiateur, chuma cha kupasha nyumba joto. Mwenzangu mmoja wa kazini hupanda milima ya Alpes kila kiangazi. Analipa, bon, anapanda bila kufukuzwa na mtu! Alinionyesha picha ya kilima kimoja kisicho na jina kubwa, vijiji vimekizunguka. Kizuri, kweli. Macho yangu yalienda kwanza kwenye mapaa.

Mwaka uliopita, kwenye saluni moja ya Matonge, mtaa wa watu wetu huku, nilikutana na binti wa jirani yetu wa Kahembe; yeye alirudi kule siku chache baada ya sisi kushuka, kuangalia.

"Tonton, mafiga yote ilikuwa na majivu mupya," aliniambia. "Hata ya ile nyumba ya mwisho, kule juu kabisa."

Yaani shangazi angeweza kuwasha nyumba chache, akakimbia. Hakuruka hata moja. Kaburi lake hatulijui.

Miaka yote nilijihesabu mimi ndiye bingwa wa kukaa nyumbani pale Kahembe. Kumbe alikuwa yeye.