Picha Zenye Maji Mengi Kuliko Watu

Marehemu baba yangu, Katana Mwaringa, hakuwa mpiga picha hodari, na nasema hivyo kwa heshima zote. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli hapa Gongoni. Kamera aliishika siku za ubatizo tu, kanisa letu liliposhuka kwenye mkono wa bahari ulio nyuma ya kijiji, wakati wa bamvua, maji yamejaa. Kamera yake ya kwanza ilimponyoka akiwa katikati ya waumini, ikaingia maji ya chumvi, ikafa palepale. Tangu hapo hakukaribia maji tena. Alipanda kichuguu kilichokuwa ukingoni, akapigia picha huko juu.

Basi watu walitoka wadogo kama siafu.

"Kaka, mimi niko wapi hapa?" shangazi yangu Everlyne alimuuliza.

"Huyo mwenye kitambaa cheupe."

"Sote tuna vitambaa vyeupe! Umepiga mikoko, mimi umenisahau. Kaa nayo."

Wengi walizikataa kama yeye. Baba aliandika majina na tarehe nyuma ya kila picha, akaziweka katika sanduku la bati: ubatizo wa miaka ishirini na saba, kuanzia 1984. Sisi wanawe tulimcheka.

Mwaka juzi kampuni moja ya chumvi ilizungushia seng'enge njia yetu ya majini. Walidai hapo ni jangwa, hapajapata kutumiwa na mtu. Baba alikuwa tayari anaugua figo, nasi tulimsihi apumzike.

"Nipumzike niwaachie uongo?" akasema, akalivuta sanduku.

Kwenye baraza la chifu, tulikopeleka shauri letu, alizipanga picha mezani, mwaka baada ya mwaka. Afisa wa kampuni, Bwana Njenga, alizitazama juujuu.

"Mzee, maji ni maji. Hapa panaweza kuwa popote."

Baba hakubishana. Aligeuza ya kwanza akasoma: "Everlyne Mwaringa, Agosti 1984."

Shangazi akasimama. "Mimi huyo! Sionekani, lakini ni mimi."

Watu wakaangua kicheko. Baba akasoma jina la Japheth, naye akasimama. Akasoma la Damaris, aliyekwisha kutangulia mbele za haki, akasimama binti yake. Kila mmoja alikuja mezani akaonyesha mkoko ule ule uliogawanyika shina, na njia ile ile inayoshuka kando yake. Walipofika arobaini na mmoja, chifu alisema, "Inatosha, mzee."

"Bado," Baba alijibu, akasoma mpaka la mwisho.

Njenga akaomba picha ziachwe ofisini kwao wazichunguze.

"Njooni nyumbani mzitazame," Baba akamwambia. "Chai ipo. Picha haziondoki."

Alifariki Februari mwaka huu, shauri halijaamuliwa. Siku ya tatu ya matanga Njenga alikuja kutupa pole, na kwa kweli alikuwa na adabu. Lakini kabla ya kuondoka alimwambia Mama kwamba kampuni iko tayari kuweka lango. Mlinzi angelifungua siku za ubatizo, mradi tuombe kwa barua wiki mbili kabla, na shauri tuliondoe.

Mama alikuwa ameketi mkekani. "Asante kwa pole, mwanangu. Mimi nilibatizwa pale bila barua. Nenda ukawaambie hivyo."

Nimemlilia sana baba yangu, na Mungu anajua moyo wangu bado haujatulia. Wapo walionishauri tukubali lango ili tuomboleze kwa amani. Siijui amani ya namna hiyo.

Bamvua iliyofuata tulikuwa na watu tisa wa kubatizwa. Mchungaji Mwaro hakuandika barua yoyote. Tulifika penye seng'enge tukiimba, wanaume wakainua waya wa chini kwa fimbo, na Mama akainama akapita wa kwanza. Mlinzi akaja mbio akiuliza kibali.

"Kamwite aliyekutuma," Mama akamwambia, huku akikunja kanga yake magotini. "Atatukuta majini."